Kisutu Changu na Kijiji cha Bibi Ragna

Mimi nimestaafu. Nalisema hili kwa kiburi kidogo, maana mtaani kwetu Likoni watu hudhani kustaafu ni kwa walimu na makarani wa bandari, na kwamba mtumishi wa nyumbani "amerudi" tu. Mimi sikurudi, nimestaafu. Karamu yangu ya kuagwa ilikuwa katoni ya tende na machozi ya dereva mmoja wa Siaya, na niliridhika nayo.

Nawaandikia ninyi wasichana mnaobisha mlangoni kwangu na pasipoti mpya mkononi, mkitaka kujua Saudia kukoje. Mshahara siutaji. Hayo mtaulizana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna atakayesema kweli. Nitawaeleza habari za kamba ya kuanikia nguo, bibi mmoja wa Norwe, na vita vya Wajerumani. Najua mnaona havihusiani, lakini nipeni muda.

Niliondoka miaka ile ambayo kila mtaa ulikuwa na wakala wake, na kila wakala alikuwa na bango la mwanamke anayelichekea fagio. Kabla ya safari tuliwekwa darasani kujifunza vyombo vya kazi. Kulikuwa na mashine moja ya kuvuta vumbi, na ilikuwa mbovu, kwa hiyo tuliisukuma sakafuni huku mwalimu akitungurumia kwa mdomo wake. Nilifaulu vizuri sana. Nilipofika Riyadh nikawasha ya kweli, niliruka nikaangukia sofa ya wenyewe, na watoto wa nyumba wakaniomba nirudie.

Nyumba hiyo ilikuwa Al-Sulimaniyah, ghorofani juu ya maduka. Siku ya kwanza madam alinipa kapu la kanzu nyeupe za mumewe nizifue. Nami kwa uchovu wa safari nikatumbukiza humo humo kisutu changu, leso ile aliyonifunga mama siku ya kuondoka. Mnavijua visutu: vina nyeupe, vina nyeusi, lakini nyekundu ndiyo mwenye nyumba. Kanzu zilitoka na rangi ya sharubati ya ukwaju. Nilipanda nazo darini, juu ya paa la nyumba, nikitafuta pa kuzificha, na huko ndiko nilikokutana na mwalimu wangu.

Jina lake Wambui, mama wa makamo kutoka Nyeri, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani na kuanika kwenye dari lililopakana na letu. Alinitazama, akatazama kanzu. Alinipitishia dawa ya madoa juu ya ukuta, akanisimamia mpaka weupe ukarudi. Baadaye ndiye aliyenifundisha kila kitu: kuanika nguo ndani nje ili jua lisile rangi, kupiga pasi shingo ya kanzu kabla ya mikono, kujibu "taib", yaani sawa, kwanza na kufikiri baadaye. Na alinipa somo moja ambalo sikulielewa mpaka miaka ilipopita.

"Kamba ya nguo huongea, Mishi," aliniambia. "Jirani akiangalia hii kamba anajua nani amezaa, nani anaumwa, na nani amegombana na bwanake akalala kwa sofa. Kwa hivyo usianike tu. Kwanza ujue nani anaangalia."

Nilicheka nikaona ni maneno ya mtu aliyezoea kupeleleza majirani, na kweli alikuwa hodari wa kupeleleza.

Baada ya miaka kadhaa familia yangu ya Riyadh ilihamia nchi nyingine, nami nikahamishiwa kwa kafili mpya, yaani mwajiri mdhamini, Jeddah, na ikama mpya, kile kibali cha kuishi, juu. Kafili alikuwa Baba Faisal, mtu mpole wa Jeddah mwenye viatu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kung'arisha. Mkewe, Madam Astrid, alikuwa daktari wa macho kutoka Norwe, aliyeolewa huko huko Saudia miaka mingi nyuma. Waliishi kwenye nyumba kubwa ya Al-Hamra, na kazi yangu ilikuwa kumtunza mama yake madam, aliyeletwa kutoka kwao baada ya kufiwa na mumewe.

Huyo ndiye Bibi Ragna. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana kama ya fundi mwashi, na alivaa soksi za sufu katika joto la Jeddah, akisema miguu ni migumu kusahau kwao. Alikuwa amefundisha Kiingereza maisha yake yote, kwa hiyo tulielewana vizuri, isipokuwa aliponisahihisha. Alikataa kukaa tu. Kila alasiri alivuta kiti jikoni, akashika kisu, tukamenya viazi pamoja, akanihadithia habari za Granset.

Granset ndicho kijiji chake. Nyumba chache, kanisa la mbao, mto, na nyuma yake mlima ambao ukiuvuka uko Uswidi. Wajerumani waliingia humo Ragna akiwa msichana mdogo. Nilimuuliza Wajerumani wepi, maana hata sisi tunao wetu: babu yake mama alibebeshwa masanduku na Waingereza kwenda kuwafukuza Wajerumani Tanganyika, na hakuna aliyejisumbua kumweleza kosa lao. Bibi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Tangu siku hiyo tukawa na "Wajerumani wako" na "Wajerumani wangu", tukibishana ni wepi waliokuwa na roho mbaya zaidi.

Wajerumani wake walikusanya redio zote za kijiji. Jirani yao mmoja alificha yake chini ya viazi, katika shimo la chini ya nyumba, na kila jioni mchungaji wa kanisa alipita "kutazama viazi". Bibi alisema hakuna viazi vilivyowahi kuheshimiwa hivyo. Kahawa ikaisha, wakawa wanakaanga shayiri na kuiita kahawa. Halafu wanakijiji wakaanza kuvaa kofia nyekundu za sufu, watoto kwa wazee, kama njia ya kumwambia askari kwamba hatukutaki bila kufungua mdomo. Basi kofia zikapigwa marufuku. Jeshi zima, na bunduki zake, likaogopa kofia.

Hilo nililielewa haraka kuliko mtu yeyote wa Norwe. Nilimweleza kwamba kwetu jirani akikuudhi unanunua leso yenye maneno, unajifunga, unapita mbele ya mlango wake taratibu. Naye anakwenda dukani kutafuta jibu. Bibi Ragna alipiga meza. Alisema hizo ndizo kofia zao hasa, na akataka kujua aliyeshinda. Nilimwambia ugomvi bado unaendelea.

Hadithi moja haikuwa ya kucheka. Mwalimu wake wa shule alikuwa akitafutwa, akajificha na vijana wengine katika kibanda cha wachunga mbuzi mlimani, wakingoja mtu wa kuwavusha mpaka. Ragna ndiye aliyewapelekea chakula, mikate ndani ya ndoo ya maziwa, kwa sababu askari hawakumshuku msichana na ndoo. Mama yake ndiye aliyetoa ishara, kwa kamba ya nguo. Akianika shuka jeupe, njia ni salama. Akianika blanketi jekundu, askari wapo, mtu asitoke.

Mara moja askari walipiga kambi shuleni wasiondoke, na blanketi likabaki kambani siku baada ya siku. Ragna alikataa kula. Kila kipande alichopewa alikificha chini ya godoro, akiwawekea wale wa mlimani, maana aliona haya kushiba wakati wao wana njaa. Shuka jeupe lilipotokea mwishowe alipanda mbio. Alimkuta mwalimu wake hana nguvu hata ya kushika mkate, akammegea kidogo kidogo, akamtazama mpaka akamaliza, ndipo naye akala.

Nilimuuliza kama mwalimu alivuka. "Alivuka," alisema, akachukua kiazi kingine.

Wakati ulivyokwenda Bibi alianza kusahau. Kwanza majina ya mboga, kisha siku, kisha nchi. Asubuhi nyingine aliamka Granset, akaniuliza kama theluji imefunga njia, nami nikamjibu kwamba njia ya Corniche, ile ya ufukweni, iko wazi, ila magari ni mengi. Hilo halikututisha. Alikuwa na furaha, na alikula kama mkata kuni.

Kisha jirani akaanza kujenga. Vumbi la saruji likawa linatua darini kwetu, na kila nilichoanika kikarudi kichafu kuliko kilivyokwenda. Nguo za Jeddah zina tabu ya kutosha tayari. Riyadh unabana nguo ya mwisho wakati ya kwanza imeshakauka, lakini Jeddah kwa unyevu wa bahari nguo inaweza kukaa kambani mpaka ikazoea. Nikaona nihamishie kamba uani, kwenye upepo mzuri. Nilijipongeza sana kwa akili hiyo.

Haukupita muda, Bibi Ragna akaacha kula. Alikunywa chai, akapokea sahani, akashukuru kwa adabu, na sahani ikarudi tupu, lakini mwili ukawa unakwisha. Kisha mikate ikaanza kutokea. Chini ya godoro. Ndani ya soksi za sufu. Kwenye chombo cha maua. Baba Faisal alivaa kiatu akielekea kazini akakuta nusu ya andazi, akarudi kunionyesha bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu kilichopotea.

Madaktari walimpima kila kitu, wakasema ni uzee na kusahau, na sasa anahitaji mahali penye wauguzi. Madam alipata nafasi katika nyumba ya wazee huko Norwe, mji wa mbali na Granset, ambako hakuna hata mmoja aliyemjua. Safari ikapangwa baada ya Idi, isipokuwa akirudia kula. Jioni moja nilimkuta madam jikoni, amekaa kwenye kiti cha mama yake, na kile kisu cha viazi mkononi.

"Akibaki atakufa kwa njaa mbele ya macho yangu," aliniambia. "Akienda atakufa mbali nami. Nichague lipi, Mishi?"

Nilikuwa nimempenda yule mzee, na hilo nalisema wazi: nilimpenda kama mama yangu, na mama yangu anajua.

Dereva wetu, Odhiambo, ndiye aliyekuwa na nadharia. Alikuwa Mkatoliki mwenye sauti nzito na tumbo linalomtangulia chumbani. Aligundua kwamba Jumatatu, Jumatatu tu, Bibi alikula. Na Jumatatu ndiyo siku aliyoleta samaki kutoka sokoni. Basi akaleta samaki kila siku. Tukawakaanga, tukawachemsha, tukawapika kwa nazi. Nyumba ilinuka mpaka Baba Faisal akauliza kwa upole kama bahari imehamia kwetu. Jumatatu Bibi alikula vizuri sana. Jumanne samaki tulimkuta chini ya godoro, na hapo nadharia ya Odhiambo ikafa, tena kwa harufu.

Siku chache kabla ya Idi nilimpelekea kifungua kinywa, nikamkuta amesimama dirishani, nyuma ya pazia. Alinishika mkono, akanivuta pembeni kama mtu anayeogopa kuonekana.

"Bado wapo," alininong'oneza. "Mama hajaondoa blanketi."

Nilitazama chini. Uani, katikati ya kamba, peke yake, kikipepea kwa raha zake, kilikuwa kisutu changu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi ndio kwanza nililielewa neno lao. Kisutu hicho nilikivaa kila usiku na kukifua kila asubuhi, halafu nilikianika chini ya dirisha la mtu ambaye kwake nyekundu kambani ni askari kijijini. Isipokuwa Jumatatu. Jumatatu ni siku ya mashuka ya nyumba nzima, na kamba yote ikawa nyeupe, na kisutu nikakitundika bafuni. Nilimkumbuka Wambui na dari lake, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Nilishuka ngazi nikikimbia. Nilikinyakua kisutu mbele ya macho yake, nikabana shuka jeupe, nikainua uso. Pazia lilifunguka.

Nilidhani kazi imekwisha, nitapanda na uji na mambo yatakuwa sawa. Niliporudi chumbani Bibi alikuwa amevaa viatu vya kutembelea na amejaza ndoo yangu ya kufulia mikate. Yote. Ya jana, ya juzi, mingine sijui ya lini. Alisema tupande mlimani upesi, wana njaa.

Mlima tuliokuwa nao ni dari. Tulipanda hatua kwa hatua, yeye na ndoo, akinikataza kuishika kwa sababu mimi mtu mzima ningeshukiwa. Na darini, nyuma ya tangi la maji, kivulini, kulikuwa na mtu amejificha kweli. Odhiambo alitumwa na madam kuosha vumbi la saruji, naye alikuwa amelala.

Bibi alimsimamia, akamwita mwalimu. Akamega kipande cha mkate, akakileta mdomoni mwake.

"Aki Mishi," Odhiambo aliniambia bila kusogeza midomo, "hii mkate ni mawe."

"Kula," nilimwambia. "Usipokula wewe, yeye hali. Na asipokula, baada ya Idi anaondoka."

Nataka mjue kwamba mwanamume huyu alikula. Alikula mikate ya ndoo nzima, kipande kwa kipande, mingine ikilia kama changarawe, na Bibi akimtazama kwa makini asije akaficha. Alipomeza cha mwisho Bibi alifuta mikono, akashusha pumzi, akakaa juu ya kopo la rangi, akaniuliza kuna nini cha kula. Nilishuka kuleta uji, kisha mayai, kisha wali wa jana. Madam alipofika nyumbani alifuata sauti mpaka darini, akamkuta mama yake anakula wali kwa mkono, na dereva amelala chali anashika tumbo.

Nilimweleza yote: blanketi, kibanda, mwalimu. Hakuwahi kusikia hata neno moja la hayo. Mama yake alimhadithia theluji na mbuzi tu. Alisema, "Mimi alinipa kijiji bila vita." Kisha akakaa kwenye zege, akaniomba nimwanzie tena, taratibu.

Safari ilifutwa. Shuka jeupe likawa linaanikwa kila asubuhi, hata kama ni kavu na safi, na Odhiambo akawa anapanda darini kila siku kupokea mkate wake, sasa wa moto kutoka dukani. Alisema tangu utotoni amesali apewe mkate wa kila siku, lakini hakutegemea Mungu atamchukulia neno kwa neno hivyo. Kisutu changu kilikauka bafuni miaka yote iliyobaki, kama mfungwa.

Kwa hiyo somo langu ni lile la Wambui, nami nawapa kama nilivyopewa. Mkifika, kabla hamjaanika, ulizeni dirisha lile ni la nani, na anaona nini akitazama.

Mwisho wa kazi ulifika magoti yangu yalipoanza kunidai haki yao. Nilipata hati ya kuondoka moja kwa moja, nikafunga sanduku. Bibi Ragna kwa wakati huo hakunijua tena kwa jina. Asubuhi ya safari nilimwogesha, nikamchana nywele, nikamwambia navuka kwenda kwetu. Alinitazama kwa makini, akaniuliza kama nina mtu wa kunionyesha njia. Nilimwambia ninaye, na nikatoka haraka ili asinione.

Odhiambo aliwasha gari, kisha akalizima. Alinionyesha juu kwa kidevu. Bibi alikuwa ametandua shuka la kitandani mwake, analisukuma nje ya dirisha kwa ile mikono yake mipana, mpaka likaning'inia lote, jeupe, juu ya ua.

Uwanja wa ndege, kwenye ukaguzi, afisa alitoa kitu ndani ya mkoba wangu, kimefungwa katika soksi ya sufu. Kipande cha mkate, kimekauka kabisa. Aliniuliza ni nini, akanionyesha pipa la taka. Nikamwambia ni chakula changu cha njiani. Nilikaa kwenye kiti cha karibu, nikaula wote, mpaka makombo, nikilia na kutafuna, kwa sababu kule Al-Hamra kulikuwa na mtu mwenye njaa aliyekuwa ananisubiri nimalize.